Pikipiki ya Misioni na Pumzi Yake



Katika parokia za milimani, kama hizi zetu za Kalehe, pikipiki si chombo cha kujionyesha. Ni miguu ya padri, na pengine ni miguu ya katekista na ya mgonjwa pia. Kanisa la parokia liko chini, karibu na barabara na ziwa Kivu. Lakini wakristo wengi wanakaa juu, kule ambako njia hupanda na kupinda mpaka mtu akasahau alikotoka. Gari haliwezi kufika kila mahali. Pikipiki hufika, kama ni nzima. Ikiwa mbovu, Misa ya sukirsali hukosekana, na Komunyo ya wagonjwa hungoja wiki nyingine.

Kwa sababu hiyo nataka kuwaandikia leo juu ya jambo ambalo wengine watasema si la gazeti la dini: namna ya kufungua, kusafisha na kurudisha karburateri na filtri ya hewa ya pikipiki ya zamani, na namna ya kutafuta kosa ikiwa imerudishwa vibaya. Nasema ni la dini kabisa. Mali ya parokia ni sadaka ya maskini. Anayeitunza anatunza sadaka. Anayeiharibu kwa uvivu anamwaga chini kile ambacho mama mjane alitoa katika fundo la kitambaa chake.

Hata historia yatufundisha hivyo. Mwaka 1925 Padri Otto Fuhrmann, Mjerumani wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alikufa kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Namibia. Aliugua mbali, na hakikuwako chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Rafiki yake, Padri Paul Schulte, alihuzunika sana, lakini hakukaa na huzuni tu. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, ambacho kazi yake ni kuwapatia wamisionari magari, mashua, baisikeli na pikipiki. Chama hicho kilienea katika nchi nyingi za Ulaya, na vyombo vyake vimefika mahali pengi Afrika. Basi mwone: pikipiki inayolala katika banda la misioni ina damu ya mtu nyuma yake.

INJINI INAPUMUA

Kwanza tufahamu kazi ya karburateri, maana fundi asiyejua kazi ya kitu atakigeuza-geuza tu kama mtoto.

Injini ya pikipiki haili esanse peke yake. Inakula hewa zaidi. Ili kilo 1 ya esanse iungue vizuri, yahitaji karibu kilo 15 za hewa. Tukihesabu kwa lita, hapa kwetu kandokando ya ziwa, lita 1 ya esanse humeza karibu lita 10,000 za hewa. Hebu fikirini chupa 10,000 tupu zimepangwa uwanjani mwa kanisa! Hewa yote hiyo lazima ipite katika filtri, kisha katika karburateri, ndipo iingie ndani ya injini. Na hewa yetu ina vumbi. Barabara kuu ya namba 2, itokayo Bukavu kwenda Goma kupitia Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe na Minova, sehemu yake kubwa ni udongo. Kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti lori moja likipita, nyumba zote za kandokando hubadilika rangi. Vumbi hilo likiingia katika silinda hulikwangua kama msasa.

Filtri basi ni pua ya injini: inazuia vumbi. Karburateri ni koo: hapo hewa na esanse hukutana. Koo hilo limefanywa jembamba katikati. Hewa ikifika mahali pembamba hukimbia zaidi, na msukumo wake hupungua. Kwa hiyo esanse huvutwa kutoka katika kikombe cha chini, hupita katika vitundu vidogo sana, ikatoka kama ukungu. Wamotari wetu huviita vitundu hivyo jikleri.

Labda hamkujua kwamba aliyechunguza vizuri tabia hiyo ya maji na hewa katika mrija mwembamba alikuwa padri. Jina lake Giovanni Battista Venturi, Mwitalia, aliyezaliwa mwaka 1746, akapewa upadri mwaka 1769, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka Paris mwaka 1797. Hata leo mafundi wa dunia nzima huliita koo la karburateri kwa jina lake. Tena Padri Eugenio Barsanti, wa shirika la Wapiaristi, mwalimu wa shule, pamoja na mhandisi Felice Matteucci, waliandika huko Firenze mwaka 1853 maelezo ya injini inayoendeshwa kwa mlipuko wa gesi ndani ya silinda. Barsanti alifariki nchini Ubelgiji mwaka 1864, alikokwenda kwa ajili ya injini hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana asiseme kwamba sala na spana haviwezi kukaa katika mkono mmoja.

PIKIPIKI YETU ILIVYOUGUA

Pikipiki ya parokia yetu ni Yamaha ya zamani, AG100, yenye injini ya mipigo miwili. Kiwanda kiliifanya kwa ajili ya wakulima: mnyororo wake umefunikwa wote, mbele na nyuma kuna mahali pa kufungia mizigo. Imeingia misioni kabla mimi sijazaliwa. Imebeba mapadri, hostia, magunia ya maharage, wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na mara moja kengele.

Mwishoni mwa kiangazi ilianza kuchoka. Kwenye vilima ilivuta kwa shida na kutoa moshi mweusi. Ilipelekwa kwa fundi mmoja wa garaji, ambaye sitamtaja, maana sikuandika ili kumwaibisha mtu. Alikaa nayo siku mbili. Iliporudi, moshi mweusi ulikuwa umekwisha kweli, lakini maradhi yalikuwa mapya. Ilikubali kuwaka kwa starta tu, yaani kile ambacho jirani zetu wa Tanzania na Uganda hukiita choki. Ukiirudisha starta, inakufa. Ikipata moto, inalia juu yenyewe kama mbuzi aliyefungwa, na ukifunga gazi haishuki upesi. Ukiipeleka mlimani, inakohoa na kusimama.

Ilirudishwa kwake. Alisikiliza kidogo, akasema: “Injini imekufa. Pistoni na silinda vimekwisha. Leteni dola 150, na kazi yangu juu yake.”

Ndugu zangu, katika parokia ya wakulima na wavuvi dola 150 si maneno ya kutamka ukisimama. Tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, jamaa nyingi za Kalehe zilikuwa bado hazijasimama. Kisha mwaka 2025 vita ikafika kwetu, ikafika Bukavu mwezi wa Februari, na benki zikafungwa. Baraza la parokia lilikutana. Wengine walisema: “Tuchange.” Wengine: “Tuiuze kama chuma, yatosha.” Mzee mmoja akasema jambo ambalo lilitunyamazisha: “Mnasema habari ya bei. Mimi nauliza habari ya wagonjwa wa juu.”

Neno lake lilikuwa na sababu. Katika majuma hayo matatu bila pikipiki, bibi mmoja wa sukirsali ya juu alimtuma mjukuu wake kuomba Mpako wa Wagonjwa. Baba Padri aliondoka papo hapo kwa miguu, akapanda muda wa saa sita. Alipofika, alimkuta amekwisha fariki, na wanawake wanaimba. Alimwombea, akamzika kesho yake, akashuka. Hakumlaumu mtu. Lakini jioni hiyo aliniita, akaniambia: “Katekista, wewe ulijifunza vyuma seminarini. Kabla hatujaomba hata faranga moja kwa watu, itazame.”

Ni kweli, seminarini tulikuwa na Bruda mmoja mzee aliyetusimamia katika kazi za mikono. Alitufundisha sheria tatu, nami sijazisahau. Ya kwanza: usifungue kitu kabla hujajua kwa nini. Ya pili: kila kitu ukifunguacho kiwe na mahali pake juu ya kitambaa cheupe, kwa utaratibu. Ya tatu: anza na lililo rahisi na la bei ndogo, ndipo uende kwa lililo gumu na la bei kubwa. Sheria ya tatu peke yake ingeokoa fedha nyingi za maskini wa nchi hii.

KUTAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Niliianza kazi siku ya Ijumaa, kwa kuwa Jumapili Baba Padri alingojewa juu. Nawaeleza hatua kwa hatua, ili wenye pikipiki za namna hii wapate msaada.

Kwanza, esanse. Sisi huku hununua mara nyingi kwa wale wauzaji wa chupa na vibidoni wa kandokando ya barabara, tunaowaita makadhafi. Si wote ni wadanganyifu, lakini maji na uchafu huingia kwa urahisi. Nilitoa esanse kidogo katika chupa nyeupe, nikaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, hukaa chini kama ushanga. Yetu ilikuwa safi. Nikaendelea.

Pili, buji. Buji ni ulimi wa injini. Kama mganga atazamavyo ulimi wa mgonjwa, fundi hutazama buji. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, esanse ni nyingi au hewa ni kidogo. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa ni nyingi na esanse ni kidogo, na injini inaungua ndani. Buji yetu ilikuwa nyeupe. Basi hapo tu nilikuwa na neno la kwanza: pikipiki hii ina njaa ya esanse, au inavuta hewa mahali pasipo halali. Injini ya mipigo miwili ikiendeshwa hivyo hupata joto kali, na mwisho pistoni hushika katika silinda. Maana yake, pistoni ambayo fundi alisema imekwisha ilikuwa bado, lakini tungeendelea hivyo majuma machache, neno lake lingetimia!

Tatu, niliipima nguvu ya silinda kwa njia ya maskini: kupiga kiki kwa mkono polepole. Iligoma vizuri, kwa nguvu. Injini iliyochakaa haigomi hivyo. Nikapata moyo.

Nne, filtri ya hewa. Katika pikipiki hii ni sifongo iliyowekwa ndani ya sanduku lake. Niliikuta safi, lakini kavu kabisa. Sifongo ya namna hiyo haizuii vumbi ikiwa kavu. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Tena ukingo wake ulikuwa haukukaa katika mfereji wake, hata kidole changu kiliweza kupita kando. Basi hewa chafu ilikuwa ikipita mlango wa nyuma, kama mwanafunzi anayekimbia katekisimu.

Filtri hii huoshwa hivi: tumia maji ya vuguvugu na sabuni, au mafuta ya taa, usitumie esanse, maana huharibu sifongo na kuleta hatari ya moto. Ibonyeze kwa viganja. Usiikamue kwa kuipinda kama nguo, itapasuka kwenye mshono. Iache ikauke kivulini. Kisha itie oili ya injini, uibonyeze mpaka isidondoshe tena. Ukiirudisha, zungusha kidole pande zote kuhakikisha ukingo umekaa. Sifongo iliyopasuka usiishone kwa uzi. Nunua nyingine, ni bei ndogo kuliko silinda.

Tano, karburateri yenyewe. Funga bomba la esanse, ondoa mipira na kamba, ufungue kikombe cha chini juu ya kitambaa. Leo karibu kila mtu ana simu yenye picha: piga picha kabla ya kutoa kila kitu. Nikapata mambo mawili.

Jikleri ndogo, ile inayolisha injini ikiwa katika mwendo mdogo, ilikuwa imeziba kwa ukoko wa esanse ya zamani. Ndiyo sababu pikipiki haikuishi bila starta, kwa kuwa starta ilikuwa ikiileta esanse kwa njia nyingine. Jikleri husafishwa kwa kupuliza, na kwa unywele wa brashi ya nailoni. Usitie waya wa chuma wala sindano ya kushonea. Tundu hilo lilipimwa kiwandani kwa kipimo kidogo kuliko unavyoweza kuona, ukilikwangua, hutalirudisha.

Kisha ile sindano ndefu inayoning'inia katika mlango wa gazi. Juu yake kuna mifereji midogo, na kibanio hukaa katika mmoja wao. Ukipandisha kibanio mfereji wa juu, sindano hushuka, na esanse hupungua. Ukikishusha, sindano hupanda, na esanse huongezeka. Kwa kawaida kibanio hukaa katikati. Chetu kilikuwa juu kabisa.

Hapo nilifahamu hadithi yote. Mwanzoni filtri ilikuwa imejaa vumbi la kiangazi, hewa ikakosekana, moshi mweusi ukatoka. Fundi aliona moshi, akapunguza esanse kwa kupandisha kibanio. Kisha akaosha filtri, hewa ikarudi kwa wingi. Sasa hewa ilikuwa nyingi, esanse kidogo. Alitibu moshi, hakutibu vumbi. Na alipolitibu vumbi, hakurudisha alichokuwa amekigeuza.

Nasema pia kwa haki: kwetu ni milimani. Uso wa ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na milima ya Kalehe inapita mita 2,000. Hewa ya hapa ni nyepesi, kandokando ya ziwa imepungua kwa karibu sehemu 16 katika 100. Kwa hiyo karburateri iliyopimwa kwa nchi za pwani huleta esanse nyingi kidogo huku kwetu. Fundi anayepunguza kidogo si mjinga. Lakini apunguze hatua moja, filtri ikiwa safi, kisha aitazame buji. Asiruke mpaka mwisho wa ngazi.

Sita, viungo vya mpira. Hapa ndipo palipokuwa na shina la ugonjwa. Kati ya karburateri na injini kuna kiungo cha mpira. Hewa ikiingia hapo, haikupita katika koo, haikuchukua esanse. Niliwasha kwa starta, nikanyunyiza maji ya sabuni pole pole kuzunguka kiungo. Upande wa chini, sauti ya injini ikabadilika ghafula, na povu likavutwa ndani. Nikafungua: mpira ulikuwa umekunjamana ndani ya pete ya chuma, umekazwa ukiwa umepinda. Ndiyo sababu injini ililia yenyewe juu, na haikutaka kushuka. Wengine hutumia esanse badala ya maji ya sabuni katika kupima hivi. Msifanye hivyo! Injini ina moto, na mtu ana uso mmoja tu.

KURUDISHA

Kufungua ni kazi ya mikono. Kurudisha ni kazi ya akili na uvumilivu. Nawapa mambo yanayosahauliwa mara nyingi.

Mlango wa gazi, ule wa duara, una upande mmoja uliokatwa chini. Upande huo uelekee filtri, siyo injini. Pia una mfereji mrefu unaoingia katika kipini kidogo ndani ya karburateri. Ukiuingiza kinyume, injini italia kwa nguvu mara itakapowaka. Baada ya kuurudisha, geuza gazi na kuachia: lazima usikie mlango unaanguka chini wenyewe, tak! Usukani ugeuke kushoto na kulia, na sauti iwe ile ile. Usiwashe kabla ya kuusikia mlio huo.

Boya ndani ya kikombe lipande na kushuka bila kugusa ukingo. Ukipindua karburateri chini juu na kupuliza katika mrija safi uliotiwa katika njia ya esanse, pumzi yako izuiwe; ukiigeuza tena, pumzi ipite. Ikiwa haizuiwi, ncha ya sindano ya boya imechakaa, na esanse itamwagika. Gasketi ya kikombe isiwe imevunjika.

Skrubu ya hewa, kabla ya kuitoa, ifunge polepole huku ukihesabu mizunguko, uandike. Katika pikipiki nyingi za namna hii huwa karibu mzunguko mmoja na nusu kutoka kufungwa. Usiikaze mwisho kwa nguvu, ncha yake ni laini.

Na jambo ambalo si la kusahau hata kidogo: injini hii ya mipigo miwili hupata oili kutoka katika tangi lake dogo kwa pampu, na pampu hiyo hufunguliwa na kamba ya gazi ile ile. Ukirudisha karburateri, hakikisha kamba ya pampu imeungwa na inavuta. Ikiwa mrija wa oili uliondolewa, toa hewa iliyomo kwanza. Mimi kwa tahadhari nilichanganya oili katika esanse ya tangi la kwanza, mililita 20 kwa kila lita. Moshi wa siku moja hauzidi hasara ya pistoni.

Mwisho, hesabu. Juu ya kitambaa kisibaki kitu. Kuna mafundi ambao wakimaliza hubaki na skrubu mbili mkononi, wakacheka, wakasema: “Kiwanda kiliweka nyingi.” Hapana, ndugu, kiwanda hakigawi skrubu za sadaka. Mtakatifu Eligius, ambaye mafundi wa vyuma wamemchagua kuwa msimamizi wao na ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba, alipewa na mfalme Klotari dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi. Masimulizi yasema kwamba alitengeneza viti viwili kwa dhahabu ile ile, akavileta vyote viwili. Kilichobaki hakukiweka mfukoni. Huyo ndiye fundi!

YALIYOTOKEA

Jumamosi alasiri nilipiga kiki mara tatu. Ikawaka. Nikaacha dakika mbili, nikarudisha starta. Iliendelea kuimba polepole, sauti ya chini, sawasawa. Nikapanda nayo kilima cha kwanza, kibanio kikiwa katikati, nikaizima juu, nikafungua buji: nyeusi kidogo. Nikapandisha kibanio mfereji mmoja, kwa ajili ya hewa yetu nyepesi. Nikapanda tena, nikatazama: rangi ya kahawa yenye maziwa.

Gharama yote: kipande cha sabuni, oili kidogo, na pete mpya ya kukazia mpira. Jumapili Baba Padri alipanda, akasoma Misa juu, akapaka mafuta wagonjwa wanne, akarudi kabla ya usiku. Kwenye kaburi la yule bibi alisimama pia.

Fundi wa kwanza nilimwendea siku chache baadaye, jioni, peke yangu, bila mashahidi. Nilimwonyesha buji mbili, ile nyeupe na ile ya kahawa. Alizishika muda mrefu. Akaniambia: “Mwalimu, mimi nilifundishwa kubadilisha vitu, sikufundishwa kutafuta.” Naona neno hilo ni la kweli kwa vijana wetu wengi. Wanaingia garaji wakiwa watoto, wanashika spana, wanafuata mkono wa mkubwa wao, na hakuna anayewaambia kwa nini. Sasa huja kwetu mara kwa mara, nami huenda kwake kuazima vyombo nisivyo navyo.

NENO LA MWISHO

Napenda kuyaomba mabaraza ya parokia mambo matatu. Kwanza, pikipiki iwe na daftari lake: tarehe ya kuoshwa filtri, ya kubadilishwa buji, na kila kilichoguswa, na nani alikigusa. Katika kiangazi filtri ioshwe kila majuma mawili, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, mtu mmoja ajulikane kuwa mtunzaji; chombo cha wote ni chombo kisicho na mwenyewe. Tatu, fundi akisema injini imekufa, aulizwe kwa heshima: “Umeipima namna gani?” Fundi mwema hatakasirika.

Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorinto habari ya mwili na viungo vyake, jinsi kiungo kinachoonekana kuwa duni kilivyo cha lazima. Mpira mdogo uliokunjamana, wa thamani ya soda moja, ulisimamisha injini nzima, ukasimamisha padri, ukachelewesha sakramenti. Kila mkristo anayejiona kuwa mdogo katika shirika lake na afikiri juu ya mpira huo.

Mungu awabariki, na awalinde wote walio njiani.